Edith Kemilembe, Aliyetafiti Akiwa na Kisu cha Ndizi Mkononi

Mwaka umetimia sasa, Edith, tangu ulipougua siku nne tu na kutuacha. Pikipiki ikipanda kilima cha Kanoni jioni, bado tunatazama njiani, tukidhani ndiwe unarudi.

Ulikuwa mtafiti wa chuo kikuu, ukichunguza namna watu wanavyoacha kuni na mkaa na kuhamia nishati isiyochafua hewa. Mafundi washughulike na nyaya, ulikuwa ukisema, wewe kazi yako ni watu: nani anakwenda kutafuta kuni, nani anaamua kipikwe nini, nani anaogopa nini. Kuanzia Nyakakika hadi Kimuli uliingia majikoni, ukatoa shikamoo zako bila haraka, ukaomba kisu, ukamenya ndizi huku ukiuliza. Kaka yako Jovitus alikutania kwamba wewe ndiye mtu pekee anayelipwa kwa umbea. Ulicheka mpaka ukashika mbavu.

Ulipenda kiporo kuliko chakula cha moto. Mtoto wa watu akiwa na homa, uliliacha dodoso ukambeba mgongoni hadi zahanati.

Lipo jambo ambalo mama yako, Vero, ameomba liandikwe hapa. Mradi uliokuwa ukiufanyia kazi ulipogawa sufuria za umeme, naye alipata yake. Ilikuwa ndogo. Ndizi za nyumba hii, zikishafungwa kwenye majani, hazikuingia hata nusu. Akaifunika kitambaa cha kudarizi, akaiweka juu ya kabati sebuleni. Ulipomwuliza kama anaitumia, alijibu, "Kila siku, mwanangu. Ndizi za ebitoke zinaiva vizuri kabisa." Kwetu zawadi haisemwi vibaya mbele ya aliyeileta, na machoni pake wewe ndiye uliyeileta.

Ulipofariki, jibu hilo la uongo lilimwandama. Aliamini ameiharibu kazi ya mtoto wake, na wa kumwungamia hayupo tena. Alikonda, sote tukimwona.

Mwezi wa tatu baada ya kukuzika, Jovitus alifungua daftari lako la utafiti, akamsomea: "Mama anasema kila siku. Sufuria haina hata doa. Kama mama yangu ananijibu hivi, wengine wananijibuje? Nisiulize tena kama wanatumia. Niombe kupika nao." Kumbe ulijua! Kumbe ndiyo maana ulianza kumenya ndizi za watu.

Kisha akaja Aimable, mwenzako wa chuoni, kumalizia utafiti. Mama alimwambia yote: sufuria haitoshi, umeme unakatika ndizi zikiwa nusu, na moto wa mafiga ndio unaowakusanya wajukuu. Aimable aliandika ukurasa baada ya ukurasa. Alipoondoka, mama alikaa chini akalia kwa sauti.

"Haya yalikuwa ya kuambiwa Edith," alisema. "Nilimjibu mwanangu kama mgeni."

Anakuomba umsamehe. Sisi tunaamini ulimsamehe siku ileile, ulipofunga daftari, ukala ndizi alizopika kwa kuni, ukaomba uongezwe.

Unakumbukwa na mumeo Gideon, mama yako Vero, kaka yako Jovitus na mkewe, wajomba na shangazi zako wa Kanoni, na kina mama wa Nyakakika na Kimuli waliokuazima visu vyao. Tutakukumbuka siku zote, Edith, na wanaokuja kutuuliza tutawaambia kweli.