Mkono Nyuma ya Karatasi

Newcastle, Machi 1972

Dada Doreen,

Soksi zimenifikia salama, ahsante. Huku ni mvua tu, na chai ya mama mwenye nyumba ya wageni ni kama maji ya kuoshea vyombo. Jana ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Gazeti limesema nimepata mtindo mpya, kuteleza juu ya nyuzi za gitaa kwa shingo ya chupa niliyovaa kidoleni. Baz, mpiga ngoma wetu, haishi kunitania: "Wewe bwana, miaka kumi hiyo chupa ulituficha wapi?" Nacheka naye.

Dada, sina mtindo wowote. Kidole cha pete cha mkono wa kushoto hakinyooki. Kiganjani kuna kifundo kigumu kama punje ya njegere, na kitu kama kamba chini ya ngozi kinakivuta ndani. Ile chupa ndiyo inayonificha.

Unakumbuka baba alivyoshika kikombe, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku, nasi tukimcheka? Alianza na kidole kipi? Alikuwa na umri gani? Mimi nina thelathini na moja. Mama asijue.

Geuza karatasi. Niliulaza mkono huo hapo Krismasi nikauchora kwa penseli, na leo nimeuchora tena juu yake kwa wino, nione kama kidole kimezidi kujikunja. Niandikie upesi kwamba mistari yote miwili inalingana. Niandikie hivyo hata ukiona hailingani, maana Jumamosi napanda jukwaani.

Mdogo wako,
Len