Sindano ya Upande Usiouma

Mayi mpendwa,

Hukujua kusoma, na ulipokuwa hai barua zangu ulisomewa na katekista, ambaye alizikatisha kila palipomchosha. Hii naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu mambo yaliyomo niliyafanya mbele ya watu.

Unakumbuka asubuhi uliyoshuka kwenye lori la mahindi pale Kitale? Ulivaa gauni la Jumapili na kitambaa kipya kichwani, umejipaka mafuta mpaka shingoni. Nilikuwa nimekutumia habari kwamba uje hospitali upigwe picha, nawe picha uliyoijua ni ile moja tu, ya kusimama wima kando ya kiti na kumkazia macho mpiga picha. Ulikuwa unahema kila baada ya hatua tatu, lakini ulikataa kuushika mkono wangu, ati watu wasije wakasema mama wa mtu wa eksirei ni mgonjwa.

Mtu wa eksirei. Ndivyo ulivyonitangaza Kibabii nzima. Ukweli ni kwamba nilikuwa msaidizi tu. Kazi yangu ilikuwa kuwapanga wagonjwa mbele ya mashine, kuosha filamu ndani ya chumba cha giza, kisha kuzianika zikauke. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Athmani, mtu wa Mombasa, mpole kwa kila jambo isipokuwa ulimi wangu. "Wafula, si kurara, ni kulala. Si kuria, ni kulia." Nami nilijibu ndiyo bwana, nikaenda kurara. Unajua mwenyewe kwamba sisi kwetu hizo mbili hatujawahi kuzigombanisha.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikukueleza wakati ule. Kwenye picha ya kifua huwekwa herufi ndogo iliyochongwa kwa risasi, yale madini mazito, ili daktari ajue upande upi ni upi, maana filamu ukiigeuza haikwambii kitu. R ni ya upande wa kulia na L ni ya kushoto, kwa Kiingereza chao. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nilijitungia njia ya kukumbuka: R ya kuria. Kwa muda mrefu haikunikosesha hata siku moja. Shida ilianza nilipojifunza kusema vizuri.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wiki ile ile uliyokuja, Bwana Athmani alinisifu mbele ya wauguzi kwamba ulimi wangu umenyooka. Siku yako ilikuwa Ijumaa na yeye alikuwa amekwenda kusali, kwa hiyo chumba kilikuwa changu, na nilitaka usikie mwanao alivyoendelea. "Simama hapa, Mayi. Kifua kiguse ubao. Bega la kulia, lisogeze mbele kidogo. La kulia, la kulia." Uliangua kicheko mpaka ukakohoa.

"Siku hizi unaongea kama mtu wa pwani," ulisema. "Na hii picha, nicheke ama nisicheke?"

"Usicheke. Vuta pumzi uishike."

Huku ulimi wangu mpya ukiimba kulia, kulia, mkono uliokota L, nikaibandika kwenye upande wako wa kulia. Sikuhisi lolote. Nilikuwa na furaha, nakumbuka hivyo vizuri.

Picha ilipokauka, upande mmoja wote ulikuwa mweupe kama uji. Ni maji yaliyojaa pembeni mwa pafu, ndiyo yaliyokuwa yakikunyima pumzi. Kwa kawaida moyo ungenisuta, kwa kuwa hukaa kushoto. Lakini maji yakizidi huusukuma moyo upande wa pili, kwa hiyo daktari alipouona umekaa upande usio wake hakushangaa. Alidhani umesukumwa. Alikuwa mzungu mgeni, amekuja kumshikia mwenzake zamu. Hakukugonga mgongo kwa vidole kama wanavyofanya wengine. Aliisoma picha, akaiamini. Kwani nani angemlaumu? Hata mimi niliiamini.

Wakakukalisha umeinamia meza, umekumbatia mto. Mimi niliitwa niishike filamu pale dirishani. Daktari akachora alama ya wino mgongoni mwako, kushoto. Ulipohisi kalamu inapita wapi, ulinigeukia ukanitazama. Nikakutabasamia, nikidhani unaogopa sindano.

Sindano ikaingia. Hukulia. Ikatoka kavu.

"Mimi nakwenda ndani zaidi," daktari akasema.

Hapo ndipo ulipoushusha mkono wako wa kulia taratibu, ukaushikilia ubavu wa kulia. Nikakumbuka nilivyokukuta nyumbani mara ya mwisho, umelalia upande huo huo, ukisema ukigeukia wa pili unakosa hewa. Mtu mwenye maji hulalia maji yake. Nilikuwa nimefundishwa hilo, na nilikuwa nimeliona kwa macho yangu kitandani pako. Nikaitazama ile L. Nikatamka polepole, kwa ulimi wa nyumbani, R ya kuria.

"Daktari, ngoja. Herufi ni mbaya. Ni mimi nimekosea."

Akasimamisha mkono. Akakugonga mgongo kwa vidole, pande zote mbili, akanitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Kisha akachoma upande wa kulia, na maji yakaja, rangi ya strungi, ile chai isiyo na maziwa; chupa ya kwanza ikajaa, ikaletwa ya pili. Niliisikia pumzi yako ikirefuka.

Ningependa barua iishie hapo, Mayi. Hapo natoka mtu wa afadhali.

Daktari alipokuwa ananawa mikono alikuuliza kwa Kiswahili chake, "Mama, kwa nini wewe hapana sema?" Nami, niliyekuwa nimelowa jasho la aibu, nililiona swali lile kuwa kivuli cha kujificha. Nilikutafsiria kwa sauti kubwa kuliko yake. "Kwa nini hukusema, Mayi? Si ulijua ni upande gani? Unataka kuniharibia kazi?" Wagonjwa wengine waligeuka kutuangalia.

"Wewe ndiye uliona ndani, baba," ulijibu. "Mimi nitabishana namna gani na mtu ameona ndani? Tena mbele ya mzungu, nikuaibishe?" Ulikuwa umechoka, plasta mbili mgongoni. "Nisamehe."

Nami nikakujibu, "Haya, yamekwisha."

Ulirudi Kibabii, ukanywa dawa, ukalima, ukavuna, ukawaambia wote kwamba mwanao alikupiga picha ukapona. Homa nyingine ndiyo iliyokuchukua. Siku ya mazishi niliombwa kusema neno, nikasema juu ya ile picha, wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Habari ya herufi sikuigusa.

Bwana Athmani amestaafu na sasa chumba ni changu siku zote, si Ijumaa tu. Kabla sijaokota herufi, humwambia mgonjwa anionyeshe kwa mkono wake mwenyewe panapomuuma. Kidole chake kikipingana na filamu, narudia. Madaktari hulalamika kwamba namaliza filamu. Wacha walalamike.

Lakini hayo nawafanyia wao, wewe hayakufai kitu. Kosa la herufi nililisahihisha sindano ya pili ikiwa hewani. Lile la pili nimekaa nalo hadi leo. Ulijua upande. Ulimgeuzia daktari upande wako mzima auchome kuliko kunitia aibu, kisha ukaniomba radhi, na mimi nikakusamehe. Mimi, Mayi, nikakusamehe wewe.

Msamaha ule naurudisha. Haukuwa wangu kuutoa. Nisamehe.

Ukae salama huko uliko, mama yangu.

Ni mimi mwanao,
Wafula