Shule Tuliyomchagulia Priscila

Ntobeye,
S.L.P. 41,
Ngara.
16 Machi 1997

Mpendwa kaka Leonidasi,

Shikamoo. Habari za huko Tabora? Na wifi Consolatha je, mgongo umeacha kumsumbua? Barua yako ya Januari iliomba jibu la haraka, nami nimekaa nayo miezi miwili. Naomba unisamehe. Sisi hapa tu wazima. Mvua imeanza vizuri, maharage yameota, na shemeji yako Audax amepona kidole alichojikata na panga wakati wa Krismasi.

Barabarani siku hizi ni kimya. Wakimbizi Wanyarwanda walirudi kwao Desemba, wakipita siku baada ya siku na mikeka vichwani, na sasa waliobaki makambini ni Warundi. Kuni bado tunazifuata mbali, maana vilima vya karibu vimebaki vipara.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Binti yetu Priscila hayuko katika shule ya bweni ya masista uliyotuombea nafasi. Nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakijua kigugumizi chake. Hapa kijijini darasani kwao walikuwa watoto mia moja na ishirini. Mwalimu aliyekuwa akimwelewa aliacha kazi akaajiriwa na shirika moja kambini, kama walivyofanya walimu wengi wa huku. Simlaumu, naye ana watoto wa kulisha. Ila aliyebaki akawa anashika madarasa mawili peke yake. Priscila akisimama kusoma, wenzake walimwigiza, basi akaacha kabisa kunyoosha mkono. Kufikia Septemba hata nyumbani alikuwa anaomba chumvi kwa kuionyesha kwa kidole. Hapo ndipo nilipokuandikia.

Novemba tulifunga safari kama ulivyotuelekeza, mimi, Audax na yeye. Tulipata lori mpaka Nyakanazi, tukalala gesti, asubuhi tukaendelea hadi shuleni, mbele ya Nyantakara. Kaka, hukutudanganya. Vitanda vimetandikwa shuka nyeupe, maji yako bombani, vitabu vimejaa kabati zima. Moyoni nilikuwa nimeshamwacha pale.

Sista aliyekuwa anaandikisha watoto alimpokea kwa upole. "Nitajie jina lako, halafu tusali Baba Yetu pamoja." Mtoto akakwama kwenye herufi ya kwanza. Akakwama sana, mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Sista akangoja kidogo, akatazama foleni ya wazazi nyuma yetu, kisha akanigeukia mimi. "Mama, anaitwa nani?" Nikamjibu. Akasema tumrudishe mwaka unaofuata, labda ulimi utakuwa umefunguka. Hakusema kwa ubaya. Watoto walikuwa wengi na nafasi chache. Lakini Priscila hakutia kitu mdomoni mpaka tulipofika Ngara.

Baada ya wiki mbili katekista wetu akatuambia habari za shule ya wazazi iliyoko ng'ambo ya kilima, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Ni ya Kikatoliki, lakini si ya serikali wala haiendeshwi na jimbo. Paroko huja Jumatano kufundisha dini. Mengine yote huamuliwa na kamati ya wazazi. Madarasa matatu ni ya matofali ya kuchoma, na la nne limeezekwa turubai la kambini. Tulipompeleka Priscila huko, Audax alilitazama lile turubai, nikajua hajapenda.

Alimuuliza mwalimu Felisita, mama mfupi mwenye sauti nzito, maswali mengi kuliko niliyowahi kumsikia akiuliza. Shule imesajiliwa? Ndiyo, barua ya wilaya iko ukutani. Watoto wasio Wakatoliki je? Wapo, nao wakati wa katekisimu hufanya hesabu. Mwisho akasema, "Shule haina serikali, haina askofu. Ikianguka nitamlaumu nani?"

"Utanilaumu mimi," mwalimu akasema. "Nyumba yangu ile pale, na wanangu wawili wamo humu humu darasani."

Kisha akamwita Priscila mbele na kumuuliza jina. Kaka, mimi nilitaka kukimbia. Akakwama vilevile, na mimi nikafungua mdomo nimsaidie. Mwalimu akaniinulia kiganja. Tukasubiri. Darasa zima lilikaa, watoto arobaini, na hakuna aliyecheka. Jina likatoka, la ubatizo na la ukoo. Mwalimu akasema, "Karibu, Priscila," akamwonyesha mahali pa kukaa, kando ya binti mmoja wa Kirundi aitwaye Nimpaye.

Nilipomuuliza baadaye amewafundishaje watoto utulivu ule, alicheka. "Sikuwafundisha. Nusu yao wamekuja na Kirundi na Kihangaza tu, Kiswahili bado wanakitafuta. Kila mmoja hapa ameshasubiriwa na wenzake."

Njiani kurudi Priscila alimshika baba yake shati. "Baba, k-k-kesho tunakuja tena?" Audax akainama kufunga kamba za viatu, akakaa pale chini muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji.

Najua ungependa tukuulize kwanza, na ilikuwa haki yako, maana wewe ndiye uliyehangaika kutuombea kule. Lakini barua ingechukua mwezi, na nafasi zilikuwa zimebaki tatu. Sikufichi mapungufu pia. Darasa la tano bado halijajengwa, na mvua ikipiga lile turubai hakuna anayesikia kitu. Audax huenda kila Jumamosi kufyatua matofali, yeye aliyekuwa analinunia turubai! Darasa hilo likichelewa, tutakuja kwako tena kuomba ushauri.

Jumatatu iliyopita mwalimu Felisita alimwita Audax shuleni. Alivaa shati la kanisani, akaondoka amekunja uso. Kumbe mwalimu ana malalamiko: Priscila na Nimpaye wanaongea mno darasani, ameshawatenganisha mara mbili, na bado wanaitana kutoka dawati hadi dawati.

"Samahani, mwalimu," Audax akasema. "Hebu rudia."

Akarudia. Audax amenisimulia hivyo mara tatu, na jirani amesimuliwa pia. Jioni tukamwita mtoto tumkanye, maana tulikuwa tumemwahidi mwalimu. Akaanza kujitetea, neno moja moja, na utetezi wake ulikuwa mrefu kweli. Ndizi zilipoa mezani, kaka, na hakuna aliyemkatiza.

Msalimie sana wifi Consolatha, na watoto, Gozbert na Nice, uwaambie mdogo wao anawaulizia. Mama anakusalimu na kukuombea katika Kwaresima hii. Mungu aiangalie nyumba yako, akulinde katika safari zako za reli, na atujalie kuonana nawe siku moja hapa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Ildefonsa