Bila Paswadi ya Wafula

Jumatatu, 5 Machi 2007
Wafula bado yuko kwao Bungoma. Babake anazikwa Jumamosi. Yeye ndiye hutunza seva ya ofisi, na paswadi kuu anaijua peke yake. Leo nimejaribu kuweka moduli ya Perl, kile kipande cha programu cha kutengeneza faili za Excel. Nimekataliwa: huna ruhusa. Bila moduli hiyo ripoti ya wafadhili haitoki. Isipotoka Ijumaa, mkataba wangu hauongezwi. Mkurugenzi, ambaye sote tunamwita Madam, alinikumbusha kwenye lifti, mbele ya watu.

Jumanne, 6 Machi
Kila mtu ananiambia nimpigie Wafula. Sitaki. Mtu ana babake mochari, wewe umuulize habari za kompyuta? Nilimtumia pole kwa SMS. Akajibu asante. Inatosha.

Jumatano, 7 Machi
Nimesoma maelezo ya moduli hadi mwisho. Kumbe unaweza kuiweka ndani ya folda yako mwenyewe, bila kuomba paswadi ya mtu. Mtandao wa ofisi unatambaa. Jioni nikashuka kwenye matatu pale Adams, nikaingia saiba ya kulipia intaneti, nikaipakua kwenye flashi. Nimefika nyumbani Kabiria nikiwa na furaha ya kijinga.

Alhamisi, 8 Machi
Imegoma. Inataka moduli nyingine kwanza. Adams tena. Nina hasira, na sina wa kumkasirikia.

Ijumaa, 9 Machi
Imekubali. Zote mbili ziko kwenye folda yangu. Niliongeza mstari mmoja juu kabisa ya programu yangu ya ripoti, kuionyesha mahali pa kuzitafuta. Ripoti imetoka kabla ya chakula cha mchana. Madam akaja kusimama nyuma ya kiti changu.
"So Wafula hayuko na kazi imeendelea?"
Nikasema ndiyo. Nilisema kwa majivuno, sitajidanganya.

Jumanne, 13 Machi
Mkataba umeongezwa. Madam amesema kazi ya seva pia ni yangu sasa, ofisi haihitaji watu wawili. Niliuliza kama Wafula anajua. Akasema ataambiwa akirudi. Nina kodi ya nyumba na sina kazi nyingine. Nikatia sahihi.

Alhamisi, 15 Machi
Wafula amerudi, kichwa kimenyolewa. Madam alimwita asubuhi, hawakukaa sana. Alipotoka akagawa njugu alizotoka nazo nyumbani, kila meza, hata yangu. Kisha akavuta kiti, akanionyesha seva yote, pole pole, bila kinyongo. Akaniandikia paswadi kwenye karatasi.
"Si ungenipigia tu," akasema. "Ningekupea."
Nikamwambia sikutaka kumsumbua kwa matanga. Akasema ameelewa. Naamini ameelewa, na hilo ndilo linaniuma.
Aliondoka saa nane. Nikaibadilisha paswadi, kama inavyotakiwa mtu akiacha kazi.