Mwani Uliofika Nikiwa Rujewa

Iyunga,
Mbeya.
23 Septemba, 1956.

Mpendwa mwanangu Fanueli,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini barua hii itakukuta huko Tanga ukiwa mzima, na kwamba ile homa uliyoitaja imekwisha. Sisi hapa Mungu anatutunza. Mimi nasumbuliwa na goti la kushoto tu, nalo ni la uzee. Habari za mama yako nitazieleza mahali pake.

Barua yako ya mwezi huu niliipata. Ilikuwa na makosa ya tahajia ambayo mtu niliyemfundisha mwenyewe hakupaswa kuyafanya, lakini leo sina moyo wa kuyasahihisha.

Binti yangu Yudith amejifungua mtoto wa kiume huko Rujewa, na wote wawili ni wazima. Mtoto ameitwa Yotamu. Nilikwenda kumwona, nikakaa juma zima, maana mkwe wangu hakutaka niondoke kabla sijala wali wa mpunga wake mpya. Naitaja safari hii kwa sababu ndiyo iliyofanya nisiwepo nyumbani mzigo wako ulipofika.

Umeniuliza kama mwani ulioutuma umewasaidia samaki. Haukuwasaidia, mwanangu. Samaki wote wamekufa. Afadhali ulijue hilo kwanza, ndipo nikueleze ilivyokuwa.

Hukuwahi kuona jinsi mama yako alivyolipenda lile sanduku la kioo ulilotutumia, tangu dereva Didas alipolishusha kwenye lori lake, pamoja na madebe ya maji ya bahari na wale samaki watatu wenye mistari myeusi. Alitaka liwekwe dirishani, karibu na kitanda chake. Kila asubuhi, kabla hajanisalimu mimi, aliwasalimu wao. “Mmeamkaje, watu wa Tanga? Fanueli amekula?” Kisha alijijibu mwenyewe, “Amekula,” ndipo alipokubali kunywa uji. Severina, yule mjane anayemsaidia, aliwapulizia hewa majini kwa pampu ya baiskeli kama ulivyoelekeza, na wakati wa baridi kali tulikuwa tukiweka jiko la mkaa karibu nao kama wagonjwa.

Maji yalipoanza kuwa ya manjano, na samaki wakawa wanapanda juu kutafuta pumzi, ulinieleza vizuri sana katika barua yako ya mwezi uliopita. Ulisema mabaki ya chakula na kinyesi chao hugeuka kuwa chumvi isiyoonekana iitwayo nitrati, ndugu wa ile mbolea ya chumvichumvi anayotugawia bwana shamba, na kwamba mwani huila kama mahindi yanavyokula samadi. Nililielewa jambo hilo upesi. Nililiona pia kuwa la lazima, kwa kuwa watu wa mabasi walikwisha kataa kubeba maji ya bahari baada ya debe moja kuvujia magunia ya sukari ya mtu. Lakini sikumweleza mama yako. Nilitaka aone kwanza mwani wenyewe ukiwa majini, kisha nimweleze. Nasikitika kwa hilo kila siku.

Mzigo ulifika Jumatano. Aliyeuleta aliuweka mlangoni, akasema tu, “Majani ya Fanueli, kutoka pwani,” akaenda zake.

Fikiri mwenyewe, mwanangu. Ni mwezi wa Septemba, huku mboga zote zimekauka, na hata majani ya maboga hayapatikani. Mama yako alifunguliwa gunia, akaona majani mabichi yanayong'aa. Severina ameniambia yote yaliyosemwa.

“Mama, mbona yananuka samaki?”

“Na wewe ungekaa pwani ungenuka hivyo hivyo. Lete karai.”

“Labda ni dawa.”

“Dawa ya gunia zima? Mwanangu amekumbuka kuwa huku hatuna mboga. Tangu akiwa mdogo hakupenda nile ugali mtupu.”

Wakauosha mwani kwa maji ya mto, mara nyingi, mpaka chumvi ikapungua. Wakauchemsha kwa magadi, wakautia karanga. Mama yako aliinuka kitandani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka, akakaa kwenye kigoda kando ya meko, akakoroga mwenyewe. Kisha akawaita akina mama wa maombi waje wale mboga ya mwanawe. Rozalia alilalamika kuwa inakataa meno. Mama yako akamwambia, “Imesafiri siku nne, ulitaka iwe laini? Tafuna, Rozalia, unaichosha bure kwa maneno.” Walicheka sana. Severina anasema hajamwona akicheka namna ile tangu baba yako, mdogo wangu, alipofariki.

Nilirudi jioni ya siku iliyofuata. Nilikuta sahani yangu imefunikwa. Nilipoifunua, nikatambua mara moja kilichokuwa ndani yake, na nikageuka kuwatazama samaki. Walikuwa juu, midomo wazi.

Mama yako akasema, “Kaa ule, shemeji. Hiyo ni mboga ya Fanueli. Nimekuwekea sehemu isiyo na mashina.”

Nilikaa, nikala. Aliniuliza kama ni tamu, nikasema ni tamu. Unajua nilivyokuwa nikiwaadhibu watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Alipolala nililikung'uta gunia, nikapata jani moja dogo lililonasa katika nyuzi zake, urefu wa kidole. Nikalitia majini. Halikuweza kufanya kazi ya gunia zima. Samaki wawili walikufa siku moja, wa tatu akafa Jumapili tukiwa kanisani. Mama yako aliomba wafukiwe chini ya mgomba, na nilifanya hivyo.

Hajui sababu. Anaamini wameuawa na baridi. Sikumsahihisha, na ninakuomba nawe usimsahihishe kamwe, wala kwa barua wala kwa mdomo. Kama akijua alichokipika, furaha ile ya siku moja itageuka kuwa mzigo, na hana nguvu ya kubeba mzigo mwingine.

Sasa sikiliza lililonifanya nikuandikie bila kuchelewa. Jumatatu alikuwa akilitazama lile sanduku, akasema polepole, “Baridi ya huku imewashinda watu wa pwani.” Kisha akaniuliza, “Na Fanueli naye si amekwisha kuwa mtu wa pwani? Labda ndiyo sababu haji.” Ni miaka sita, mwanangu. Umetuma sukari, kanga, samaki, maji na mwani, na vyote tumevipokea kwa shukrani. Lakini swali lile haliwezi kujibiwa na mzigo.

Miguu yake imevimba mpaka magotini, na usiku analala ameketi ili apate kupumua. Nesi wa misheni amesema ni moyo, naye hakuficha kitu alipozungumza nami nje. Mvua zikianza mwezi wa Novemba, unajua jinsi magari yanavyokwama. Omba ruhusa sasa. Kama bwana wako ni mgumu, mwonyeshe barua hii, na umfasirie bila kupunguza neno.

Yudith na mumewe wanakusalimu. Severina anakusalimu, na Rozalia pia, ingawa anadai taya linamuuma mpaka leo. Msalimu mkeo Matilda na watoto, ambao bado hatujawaona.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama, na akujalie kumkuta.

Mama yako ameniona nikiandika, ameniagiza niweke na maneno yake. Nayaandika kama alivyoyasema: “Mwambie mboga yake tuliimaliza yote. Mwambie akija asibebe kitu. Aje na koti.”

Ni mimi, baba yako mkubwa nisiyeacha kukupenda,

Saulo.