Mama mkwe aliyezama hayumo kitabuni

Mpendwa Bi Rawiya, naomba uniokoe kabla sijaumbuka, na jina langu tafadhali lifiche, maana hapa Michenzani nina heshima kwa jambo moja tu, nalo ni kusoma. Tangu mdogo nilikuwa mlevi wa vitabu, nikisoma hata karatasi ya kufungia njugu, mama ananiachia mchuzi jikoni unaungua na mimi nipo na kitabu, nikipigwa nalia huku nasoma. Basi nikaolewa, nikazaa watatu, nikaajiriwa, nikanunua simu, na sijui ilianza lini, lakini sasa nikifungua kitabu kurasa mbili tu usingizi huo, au mkono wenyewe unakwenda kwenye simu kutazama status ya mtu ambaye hata simpendi.

Sasa, kila baada ya alasiri tunakaa wanawake watano kwenye ukumbi wa ghorofani kwetu, wenzangu wanashona kofia za viua, na mimi na sindano hatupatani, kwa hiyo kazi yangu miaka yote ni kuwasomea. Safari hii nikachukua riwaya nene kwenye kasha la marehemu baba, kwa jeuri tu waone naweza, sura ya kwanza nikaisoma barabara, ya pili ikanishinda, ni mzee na kesi yake ya shamba la mikarafuu, kesi haiishi wala mzee hafi, na wenzangu wameinua sindano wananisubiri. Bi Rawiya, nikatunga. Nikamtia humo binti anaitwa Zuhura, nikamwoza kwa mtoto wa yule mzee, nikamletea mama mkwe mkorofi, nikamzamisha mama mkwe na boti ya Pemba, Bi Amne akalia mpaka akaharibu kofia ya watu, ikabidi kesho yake nimwokoe, akaonekana bandarini Mkoani hajui hata jina lake. Wameipenda kuliko vitabu vyote nilivyowasomea kwa haki. Juzi Bi Wanu, ndiye mkubwa wetu na hukaa ubavuni kwangu, kaniambia, "Mwanangu, ukurasa wa leo mrefu, tangu tumekaa hujaugeuza," nikamwambia maandishi madogo, akasema haya. Jana ndio balaa, "Hicho kitabu nipe, Ijumaa ya mwisho wa mwezi nnakwenda Kizimkazi, nataka nikamsomee dada yangu ile ya mama mkwe." Niseme kimepotea, niseme kimeliwa na panya, au nikichome kweli? Wakijua watanifukuza, na mimi jioni sina pengine pa kukaa, wale ndio watu wangu.

Msomaji wa uongo

Mwanangu, pole. Nimekucheka kwanza, ndiyo maana jibu limechelewa.

Kitabu cha marehemu baba yako usikichome. Huna adabu? Na hiyo kesi ya mikarafuu nani alikutuma? Ulipokuwa mdogo kitabu kikikuchosha ulikitupa ukaokota kingine, hukuwa na wa kumringia. Siku hizi unachagua kitabu kwa unene, kama mtu anayenunua godoro, kisha unashangaa kulala. Tafuta chembamba, unachokitaka wewe, hata kama ni cha mapenzi na jalada lake linatia aibu. Na huwezi kusoma kama zamani, kwa sababu zamani mchuzi ulikuwa wa mama yako, leo ukiungua ni wako. Kurasa mbili zinatosha. Simu mpe Bi Wanu aikalie.

Sasa huyo Bi Wanu. Anajua, mwanangu. Mtu yuko ubavuni kwako, kaona ukurasa haugeuki, kakwambia usoni mwako, ukampa uongo wa maandishi madogo akasema haya. Kisha anakuomba kitabu. Cha nini? Anataka umwambie mwenyewe, na kakupa muda mpaka mwisho wa mwezi. Mwenzio kakufungulia mlango, wewe unatafuta panya.

Nenda na kitabu mkononi, uwaambie wote pamoja. Watakusema, vumilia, umestahiki. Bi Amne atakudai machozi yake. Lakini wanawake waliokusikiliza ukidanganya siku zote hizo bila kuondoka hawatakufukuza siku utakayosema kweli. Na dada wa Kizimkazi mrekodie hadithi kwenye hiyo simu yako, ifanye kazi ya maana mara moja, ila mwambie mapema kuwa ni yako.

Umeniomba nifiche jina, nimelificha. Lakini umetaja Michenzani, kofia, Bi Wanu, Bi Amne na mama mkwe aliyezama na boti, umenibakishia nini cha kuficha? Leo ni Alkhamisi, kesho ndiyo Ijumaa yako, na gazeti hili liko mtaani tangu asubuhi. Ukumbini kwenu huenda kuna mtu analisoma sasa hivi, kwa sauti, na kurasa anazigeuza. Toka ndani, ukawahi.