Mbao safi za paa la kanisa

Jesca, unakumbuka jirani yangu mama Mogesi aliniuliza, "Mbao za kutoka Kenya, umejuaje zilikatwa msitu gani?" Nikamcheka.

Leo bwana misitu amekuja hapa Nyanungu, akasimama chini ya paa la kanisa letu akitazama juu.

"Mama, alama ya nyundo iko wapi? Mbao iliyokaguliwa lazima igongwe muhuri wa serikali."

Alama, Jesca. Mimi ndiye niliyezikataa zenye alama. Nilimwambia shemeji Nchagwa, aliyezivusha mpaka, aniletee safi, zisichafue nyumba ya Mungu. Akaleta safi kweli. Nikapiga magoti kushukuru.

Safi. Bwana misitu anasema hizo safi ndizo za wizi. Paa litashushwa, na aliyezipokea ni mimi, kwa hiyo kesho naitwa polisi.

Nikamgeukia Nchagwa mbele ya mchungaji. "Shemeji, uliniapia kwa kaburi la kaka yako kwamba ni za halali. Waambie zilikatwa wapi. Nitafungwa mimi."

Hakuniangalia. Akachukua kofia yake kwenye benchi, akatoka.